Na Nyongeza Yake?

Troyeville, Johannesburg, Jumamosi mchana

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu sina za kukupa kwa karatasi, maana asubuhi tulipishana mlangoni ukasema "Morning" na mimi nikasema "Morning", kama wapangaji wawili. Sasa hivi uko Berea kwa yule dada wa Kikongo anayekusuka, na mama yako kakufuata na chupa ya chai kama vile unakwenda kujifungua. Nawajua wasusi wa Berea, hamrudi kabla ya alasiri. Basi nimesogeza begi lako, nimekaa kwenye meza ya jikoni, naandika.

Ya sweta, ya pasipoti, ya kutolala na nywele mbichi, mama yako amekwishakwambia mara saba, na kesho uwanja wa ndege atakwambia ya nane. Mimi hapo sina la kuongeza. Naandika kwa Kiswahili na najua unakisoma polepole, midomo inacheza. Ukikwama pahala usimpigie mama yako kumuuliza. Rudi nyuma usome tena. Haya ni yako peke yako.

Ulimwengu mzima huu, na chuo kilichokukubali kiko Cardiff, Uingereza. Mama yako anasema ni riziki. Mimi siku ile uliposoma ile barua ya chuo kwa sauti, nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi, ukadhani nakuonea wivu. Sikuwa na wivu. Nilikuwa naona aibu ya miaka arobaini na kitu.

Nilikwisha kukwambia kwamba nilikaa kule utotoni. Sikukwambia zaidi ya hapo. Nilikuwa na miaka sita babu yako alipotuita, mimi na Mama. Yeye alikuwa baharia, kazi yake chini kwenye injini, anarudi baada ya miezi miwili, anakaa siku nne, anaondoka. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu wawili. Na mtaa mzima tulikuwa na pahala pamoja tu pa kwenda, duka la kona la ajuza mmoja mjane, Bi Gwen. Duka dogo kama hili jiko letu. Viazi kwenye magunia, vitunguu vimening'inia, jibini anaikata kwa uzi wa waya, na biskuti zimo kwenye madebe ya bati anakupimia kwa mkono. Mpaka leo nikifungua debe lolote la bati nainama ninuse.

Mama Kiingereza hakijui, na Bi Gwen Kiswahili angekitoa wapi? Lakini siku ya kwanza kabisa, viazi vimepimwa, pesa imelipwa, Mama hakuondoka. Alinyoosha kiganja, akauliza kama anavyouliza kila siku sokoni Tanga: "Na nyongeza yake?"

Wewe nyongeza unaijua kwa jina la hapa, basela. Ni kitu kilekile. Si punguzo, wala si sadaka. Nimekupimia, umelipa, haki imekwisha. Sasa naongeza kidogo kwa hiari yangu, tuachane kwa wema. Mama kwake mtu asiyetoa nyongeza alikuwa hajauza bado, yuko katikati ya maneno.

Bi Gwen alimtazama, akakitazama kile kiganja, akacheka mpaka meno ya bandia yakacheza. Akachukua kiazi kimoja kikubwa akakitia kwenye kikapu. Kisha akanitilia mimi mfukoni biskuti zilizovunjika, zile za chini ya debe. Mama akamwambia, "Mungu akuzidishie." Mkalimani hakuwepo, na hakuhitajika. Ikawa desturi. Wiki hadi wiki, miaka miwili, wanawake wawili wasiosikilizana neno wakawa marafiki kwa kiazi kimoja.

Halafu ng'ambo ya barabara kubwa ikafunguliwa supamaketi.

Nisikudanganye, niliipenda. Taa zinawaka mchana kweupe, muziki unatoka darini, toroli za kusukuma, makopo yamepangwa mpaka juu kama askari gwarideni. Walikuwa wanatoa stempu ukinunua vitu, unazilamba nyuma, unazibandika kwenye kitabu. Hiyo ndiyo ilikuwa nyongeza yao. Eish, nyongeza ya Mwingereza unailamba mpaka ulimi unakauka, halafu unangoja miaka miwili upate birika! Lakini mimi wakati huo nilikwisha kuwa mtoto wa shule, Kiingereza kinanitoka puani, na nilitaka kulamba stempu kama wenzangu.

Watu wakahamia kule. Haikupita mwaka Bi Gwen akabandika karatasi dirishani. Mama hakuweza kuisoma, nikamsomea mimi: duka limefungwa, asanteni nyote. Mama akashika mdomo. Mimi nilifurahi, Mwanaidi. Nilikuwa na miaka minane na nilirukaruka pale kwenye lami kwa sababu sasa tutakwenda supamaketi.

Tukaenda Jumamosi. Mama amevaa koti la babu yako na kanga juu yake, na soksi za babu yako ndani ya viatu vya wazi. Nilikuwa natembea hatua tatu mbele. Kwenye mboga kulikuwa na msichana wa mizani, kofia nyeupe. Akapima viazi, akafunga mfuko, akabandika bei. Mama akanyoosha kiganja. "Na nyongeza yake?"

Msichana akasema, "Nini?"

Mama akarudia, anatabasamu, anangoja kiazi chake. Nyuma yetu msururu, na kwenye msururu yupo mtoto wa darasani kwangu na mama yake. Msichana akanigeukia mimi. "Anataka nini?" Ningeweza kumwambia. Maneno manne ya Kiingereza, nilikuwa nayo tele. Akaniuliza tena, "Wewe, uko naye huyu?"

Nikasema, "No."

Nikaenda zangu kwenye makopo, nikashika kopo la njegere nikawa nalisoma. Nililisoma lote, pande zote, mpaka mahali lilipotengenezwa.

Sasa shida ni hii. Mama Kiingereza alikuwa na maneno matano tu, na "no" lilikuwa mojawapo. Niliuona ule mkono. Ulibaki wazi kidogo, halafu ukajifunga, ukaingia ndani ya kanga. Akachukua mfuko wake, akanipita, akatoka. Nikamfuata mbali. Jioni alipakua wali, akanipa mimi kipande kikubwa cha samaki kama kawaida, na mchuzi akaniongezea. Angenipiga ningeshukuru.

Hakuuliza nyongeza tena. Nasema hakuuliza tena kabisa, mpaka anakufa. Tulirudi Tanga nikiwa na miaka kumi, na kule sokoni wauzaji ndio kwanza wanamwita, "Bi Mwanaidi, njoo, nyongeza yako hii!" Yeye anakunja kanga, anasema, "Imetosha, baba." Dagaa, imetosha. Mchicha, imetosha. Watu wakasema huyu karudi kutoka Ulaya na maringo. Na mimi nimesimama pembeni na kikapu, najua, na sisemi. Niliweza kumwomba radhi siku yoyote kati ya siku zile zote. Kila siku nilijiambia kesho. Alipofariki nilikuwa hapa Johannesburg, kibali changu wanakizungusha ofisini, nikitoka sirudi. Walimzika ndugu zangu. Radhi yake sikuiomba, na sasa wa kumwomba hayupo.

Nikadhani nitalipa kwa jina. Ulipozaliwa nikakwambia sikioni baada ya adhana: Mwanaidi. Mama yako alitaka jina jingine, nikakataa katakata. Utaona nililifanya nini jina hilo.

Duka letu unalikumbuka, lakini hukulikuta mwanzo wake. Lilikuwa la mzee wa Kireno, nimemfanyia kazi miaka sita, kukata mkate na kufagia. Mtu mkali, mbahili wa kila kitu isipokuwa kimoja. Mtoto akija kununua mkate hatoki bila peremende. "Basela," ananiambia, "usisahau basela, hao ndio wateja wa kesho." Siku ya kwanza kumsikia nilikwenda stoo nikalia, akadhani nimejikata kidole. Alipozeeka akaenda kwa watoto wake, na mimi nikaachiwa kona ile. Nikatoa basela mpaka mama yako akasema utatufilisi. Nyanya moja, yai moja, kijiko cha bizari kwenye gazeti. Mtaa mzima waliniita Malume, mjomba. Wewe ulikuwa na miaka minne, unakaa juu ya kreti la soda karibu na mashine ya pesa, na kazi yako ilikuwa ni moja, kutia peremende mikononi mwa watoto wenzio. Ulikuwa unaitia na kusema "Nyongeza!" kwa Kiswahili, na wao wanasema "Ngiyabonga!", asante. Hiyo ndiyo miaka yangu mizuri. Sina mingine ya kukuonyesha.

Kisha hofu ikaingia. Ilianza kwa maneno ya watu wawili watatu, kwamba wageni wanamaliza kazi, wageni wanamaliza maduka. Mimi badala ya kukwambia ukweli, nikakupa sheria. Dukani hakuna Kiswahili. Dukani mimi si Baba, niite Malume kama wengine. Na jina lako, nikakwambia mbele ya wateja, kuanzia leo Naledi. Naidi, Naledi, yanakaribiana, nani atajua? Wewe ulikuwa na miaka tisa. Ukauliza, "Na nyumbani?" Nikasema nyumbani endelea. Lakini mtoto hana nguo ya dukani na nguo ya nyumbani kwenye ulimi. Miaka miwili tu Kiswahili kikakukauka, ukawa unaelewa na kujibu kwa Kizulu. Nami nikawa nakucheka mbele ya wageni, "Huyu Mswahili wa kopo huyu!" Nani aliyekutia kwenye kopo? Mimi.

Na nikakufundisha lile jingine. Unakumbuka tulivyofanya mazoezi, mlango umefungwa, mimi najifanya mtu wa fujo? Nikikuuliza, "Huyu nani kwako?" unajibu, "Angimazi." Simjui. Nafanya kazi tu hapa. Kisha unatoka unakwenda kwa mama yako, hukimbii, hutazami nyuma. Nilikusahihisha matamshi. Nikasema bado unatetemeka, rudia. Ukarudia mpaka ukaweza.

Mwaka ule wa fujo walikuja kweli, mchana, vijana wanane. Wewe kwenye mashine ya pesa, na sare ya shule bado mwilini. Mimi wamenibana kwenye friji. Mmoja akakunyooshea fimbo akauliza, kwa Kizulu, huyu kwerekwere, huyu mgeni, nani kwako? Ukanitazama. Ukasema, "Angimazi." Hukutetemeka hata kidogo. Ukaweka funguo mezani, ukatoka, hukukimbia, hukutazama nyuma. Walifanya walichofanya, friji, rafu, na mbavu zangu mbili. Wewe hawakukugusa.

Hivyo ndivyo nilivyokufundisha, Mwanaidi. Ulifaulu. Ungekosea pale leo nisingekuwa na mtoto wa kumwandikia.

Na mimi nikafanya nini? Ulirudi na mama yako na majirani, unalia, unaniita "Baba, Baba" kwa sauti kubwa barabarani, kila mtu anasikia, hofu yote umeitupa. Nimekaa kwenye kizingiti, damu puani, nikainua kichwa nikasema mbele ya mtaa mzima: "Baba yupi? Si umesema hunijui? Umenikana, sasa kanusha na urithi."

Ukasema, "Lakini wewe ndiye uliyeniambia niseme."

Nikasema, "Nyamaza."

Ukanyamaza. Umenyamaza mpaka leo. Tangu siku ile hujaniita Baba, na Malume hujaniita, huniiti kitu. Ukinitaka unakuja mpaka mbele yangu ndipo unaanza kusema. Mama yako alinitaka nikuombe radhi, nikamwambia mzazi haombi radhi kwa mtoto. Uongo mtupu. Si wewe niliyekukasirikia pale. Nilisikia ile "Angimazi" yako nikasikia "No" yangu. Nilijiona mimi, miaka minane, na kopo la njegere mkononi. Ila wewe ulisema kwa kuwa nilikuamrisha, uniokoe na ujiokoe. Mimi nilisema kwa sababu ya soksi.

Duka nililifungua tena, unajua, ila kufikia hapo supamaketi ilikwisha kuja pale kwenye robot za kuongoza magari, taa mchana kweupe, muziki darini. Wateja waliobaki nao wakaenda. Siwalaumu; mimi mwenyewe niliwahi kurukaruka. Sasa pale kwenye kona yetu wanatengeneza simu, na mimi niko kwenye mlango wa supamaketi hiyohiyo, na sare na kirungu. Unaponipita na wenzio unatazama chini, usidhani sioni. Kazi yangu nasimama pale mtu anapotoka, natazama risiti, natazama mfuko, nahakikisha hakuna aliyetoka na kitu cha ziada. Mwana wa Bi Mwanaidi analipwa kuzuia nyongeza! Nacheka peke yangu wakati mwingine, wenzangu wanadhani nimechoka.

Mwaka jana nilikuomba unionyeshe Cardiff kwenye simu yako, ile ramani ya picha. Ulinionyesha bila kuuliza. Mtaa niliutambua kwa kanisa tu. Kwa Bi Gwen ni ukuta wa nyumba ya mtu, dirisha limezibwa kwa matofali. Nikakwambia vuka barabara kubwa, nitazame supamaketi. Ukavuta picha huku na huku. "Hakuna kitu hapo," ukasema. "Ni jim. Watu wanakimbia juu ya mashine." Nikasema rudi nyuma, labda umekosea. Ukasema, "Sijakosea, imekufa tu." Ilinichoma, kwa sababu nilikuwa nimejiwekea kwamba siku moja, nikipata njia, nitakwenda nisimame pale kwenye mizani niseme ndiyo, niko naye. Hata pa kusemea hapapo. Supamaketi iliyommaliza Bi Gwen nayo imemalizwa, na Mama amekufa, na wewe unaondoka kesho. Hicho tu ndicho nilichojifunza, na nimejifunza kwa gharama: kila mahali nilipodhani nitarudi kuomba radhi, nilikuta pamefungwa.

Kwa hiyo sijengi tena kesho. Mwanaidi, nisamehe. Hukunikana. Nilikukana mimi, na nilianza zamani, siku nilipokuita Naledi. Sisemi haya ili uniite Baba. Ukitaka kuendelea hivyohivyo, una haki, na mimi nitazoea, mtu huzoea. Nisingependa tu uende ule mji umebeba mzigo ambao ni wangu. Niuache mimi pale nilipouokota, au niubebe mwenyewe.

Nasikia lifti. Mama yako anacheka, kwa hiyo umesukwa vizuri. Nitaitia hii kwenye kitabu chako cha ndegeni, utaikuta ukiwa hewani, usiweze kunirudishia. Hapana. Nimebadilisha. Nitakupa mkononi leo, ukirudi, kabla ya chakula, na nitakaa palepale unaposoma, hata kama itakuchukua mpaka magharibi.

Na kesho kule uwanja wa ndege, kwenye ule mlango wanapowatenga wasafiri na wasindikizaji, atakuwepo askari kama mimi, na sare kama yangu. Nayajua maswali yao. Atakutazama na nywele zako mpya, atanitazama mimi na koti hili, atakuuliza, "Huyu uko naye?" Usijibu. Safari hii si zamu yako. Nitajibu mimi, kwa sauti ya dukani, kwa Kiswahili, aelewe asielewe: huyu ni mwanangu, anaitwa Mwanaidi, jina la mama yangu. Niko naye.

Baba yako,
Athumani